Pumzi Kwenye Uzi wa Kijivu

Asubuhi za paredi, ukisimama mstari wa nyuma kabisa, uliiona shule nzima ikipumua.

Masweta ndiyo yaliyopumua. Mia nne na kitu, yote ya kijivu, yalibana na kulegea vifuani mwa wenyewe, huku ukungu wa Juni ukipita katikati yetu taratibu, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha. Kule Lihanzi ukungu hauondoki kabla ya saa nne. Kidato cha kwanza uliwatambua hata kwa mbali, maana kila mmoja alipumua mara mbili: pumzi yake mwenyewe, ya mtoto aliyekimbizana na kengele, na chini yake nyingine ya polepole, ya kaka au dada aliyemwachia sweta.

Langu lilikuwa la binti wa mama mdogo. Alikuwa akikoroma. Kila nilipotulia vya kutosha, mgongo ulinitetemeka kidogo.

"Limeanza tena," Lwitiko alininong'oneza. "Mwambie dada yako watu tuko paredi."

"Nyamaza. Lako linapiga chafya."

"Langu ni la mjomba. Mjomba ana heshima zake."

Mwalimu Kilasi, wa fizikia, alipanda jukwaani na karatasi mkononi. Alisema leo ni Ijumaa, na Ijumaa ijayo wakaguzi watakuwa hapa kuangalia Kazi ya Mwenyewe ya kila mwanafunzi wa kidato cha sita. Alisema sharti hatalirudia, kisha akalirudia.

"Kazi isimame bila mwenyewe. Unaiweka mezani, unatoka, mlango unafungwa. Humo ndani hakuna wa kuieleza wala kuiombea. Na sitaki kusikia mtu anasema vyura wake wameugua."

Shule nzima ikamgeukia Lwitiko.

Sisi tulikuwa mwaka wa tatu tangu mtihani wa mwisho ugawanywe. Nusu ya maksi ilikuwa karatasi kama zamani. Nusu nyingine ilikuwa hii: chukua kitu unachokipenda hata pale ambapo hakuna anayekuamrisha, ukae nacho miezi tisa, ukifanye kiwe na faida. Lwitiko alipenda vyura tangu utoto, na sasa alikuwa na beseni lenye vyura kumi na wawili ambao kwa namna ya kukaa kwao walitabiri jalidi siku mbili kabla, mashamba ya viazi yakaokoka. Mimi nilipenda kufuma.

*

Uzi wa masweta yetu ulikuwa sufu ya kondoo wa huku juu, iliyosokotwa pamoja na nyuzi nyembamba sana zinazooteshwa kutoka kwenye uyoga. Nyuzi hizo zinasikia joto na unyevu. Wilaya iliyaleta masweta haya ili muuguzi wa shule akipitisha kifaa kifuani ajue nani ana nimonia kabla hajaanza kukohoa. Basi. Hakuna aliyeuambia uzi ukumbuke.

Lakini mtu akilivaa miaka mitano, sita, akalala nalo kama tulivyolala nalo wote kwa baridi ile, uzi ulishika pumzi yake. Mwingine akilivaa, unamrudishia. Na wakati unamrudishia, unaanza kujifunza yake, ya zamani inafifia.

Haukubali kuamshwa na kitu kisichopumua. Nilijaribu kwa chupa ya maji ya uvuguvugu: uzi ulibana mara moja, ukasubiri, ukanyamaza.

Wazo langu lilitoka kwenye zizi la Bibi. Mwanakondoo alizaliwa kabla ya wakati, anapumua mara nne anasahau. Nilimfungia sweta kuukuu, na baada ya muda nikaona mbavu zake zimelifuata sweta, zikapanda nalo, zikashuka nalo. Nilikaa pale kwenye majani makavu mpaka miguu ikafa ganzi, nikiwaza wodi ya watoto njiti kule hospitali ya misheni. Wale nao husahau kupumua.

Miezi tisa niliyopewa niliitumia kutafuta ukubwa wa kifuko cha kumvalisha mtoto njiti, unene wa sindano, namna ya kukaza vitanzi ili mbano wa kifua cha mtu mzima umfikie mtoto wa kilo moja kwa upole. Nilifuma vifuko kumi na kimoja vya majaribio nikavifumua vyote. Kilichobaki kilikuwa uzi wenyewe. Unaofaa ni wa mtu mmoja tu, mtulivu, aliyelivaa sweta likiwa jipya na hakumrithisha mtu. Huku kwetu masweta hurithishwa. Niliyempata ni Mzee Luvanda, aliyefundisha kwaya miaka thelathini, mjane, aliyelala na sweta lake peke yake kwa miaka tisa.

"Chukua, mwanangu," aliniambia akilivua. "Mimi nimebakiza pumzi chache, zitanitosha bila sweta."

Nililifumua jikoni kwa Bibi, nikaliacha bonge kwenye kikapu, nikarudi bwenini kwa juma zima.

*

Jumamosi ile, siku moja baada ya paredi, nilishuka nyumbani. Bibi alikuwa mlangoni akimenya viazi.

"Kamwene, Bibi."

"Kamwene, mjukuu wangu. Kaangalie nyuma ya jiko."

Uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyeficha zawadi. Nilizunguka. Uzi wa Mzee Luvanda ulikuwa umetundikwa kwenye waya kwa vishada virefu, kila kishada kikivutwa chini na jiwe. Ulikuwa unatoa mvuke. Ulikuwa umenyooka kama mvua.

"Bibi, umeuchemsha?"

"Kwani uzi wa kufumuliwa unafumwa na mikunjo yake? Mimi nilikufundisha hivyo?"

Hakunifundisha hivyo. Alinifundisha nikiwa na miaka sita: fumua, zungusha, chemsha, tundika na jiwe, ndipo ufume. Kila mwanamke wa Lihanzi anafanya hivyo. Hata watoto wanajua jiwe gani ni zito mno. Nilikuwa nimewaeleza Mwalimu, Sista wa wodi ile, na wanafunzi wenzangu kwamba nyuzi za uyoga hufa kwenye maji ya moto. Bibi sikumweleza. Haikunipitia kichwani kwamba jambo ninalolifanya mwenyewe siku zote linahitaji kukatazwa.

Nilikitoa kishada kimoja, nikakifunga kifuani chini ya nguo, nikapumua. Uzi ulikuwa laini na wa moto kidogo. Haukujibu.

"Nimeharibu nini?" Bibi aliuliza nyuma yangu.

"Hujaharibu kitu."

"Usinidanganye, nakuona mabega."

Nikamwambia. Alifungua jiwe moja kwenye uzi, akakaa kwenye kigoda, akalipakata jiwe lile mapajani mpaka jua likahama.

*

Kaka yangu Anyitike alifariki Agosti ya mwaka uliotangulia. Alishuka Kyela likizo kwa mjomba, akarudi na malaria iliyompanda kichwani, siku tatu. Sweta alikuwa ameliacha nyumbani msumarini, kwa sababu Kyela ni joto.

Alikuwa mzaliwa wa kwanza, kwa hiyo sweta lake lilikuja jipya kutoka kwenye mfuko, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kulilalia. Alipiga tarumbeta kanisani. Watoto walikuwa wakimhesabia kwa sauti, moja, mbili, tatu, waone noti moja ataishikilia mpaka ngapi. Na alikuwa na tabia: akishavuta hewa, kabla ya kuitoa, anasimama kidogo. Kidogo sana. Kama mtu aliyefika mlangoni akataka kwanza kusikiliza walio ndani wanasema nini.

Baada ya msiba watu walianza kumwita mama yetu Mama Tusekile, kwa jina langu, ili wasimchome. Alikataa. Alisimama sokoni mbele ya wauza kabichi akasema, "Mimi ni Mama Anyitike. Hata kama hayupo, mimi ndiye." Wakamrudishia jina lake.

Kila Jumapili baada ya ibada alilitoa sweta kwenye sanduku. Hakulivaa. Aliingiza mkono mmoja ndani, kifuani, akapumua taratibu, na uzi ukamjibu mkononi. Dakika kumi kwa saa ya ukutani. Kisha alilikunja. Mimi na Bibi tulikuwa tukitoka nje bila kuambiwa, tukasimama kwenye ukungu kama watu wanaosubiri basi.

Jumapili ile nilitoka kama kawaida, lakini mlango ulibaki wazi kidogo, na kwa mara ya kwanza nililitazama sweta la kaka yangu nikaliona ni uzi. Gramu mia tano na hamsini, labda mia sita. Wa mtu mmoja. Niliona aibu, nikaufunga mlango.

*

Jumatatu mchana Sista Yusta, mkuu wa wodi ya watoto njiti, aliniita kwa simu ya shule.

"Tusekile, kifuko kiko tayari?"

"Uzi umekufa, Sista."

"Njoo hivyohivyo."

Mtoto alikuwa na kilo moja na gramu mia mbili, wa kiume, hana jina bado. Mama yake alikuwa amepelekwa Mbeya kwa ndege ya wagonjwa kwa upasuaji, na ndege ilipoondoka tu ukungu ukashuka, wakasema utakaa siku kumi. Mtoto asingeweza kupelekwa amfuate. Bibi yake alikuwepo, lakini alikuwa na kikohozi, haruhusiwi kumweka kifuani. Wauguzi walimpokezana kifuani kwao, na kila alipobadilishiwa kifua alisahau upya.

"Angalia," alisema Sista.

Niliangalia. Kifua cha mtoto, kidogo kama ganda la karanga, kilipanda, kikashuka, kikapanda, kikashuka. Halafu hakikupanda. Midomo ilianza kuwa ya kijivu. Sista akaupeleka mkono dirishani mwa sanduku la kioo, akamgusa unyayo kwa kidole. Mtoto alishtuka, akakumbuka.

"Mara thelathini na nne tangu jana," alisema. "Kila mara naogopa nitakuwa nimegeuka."

"Na godoro la hewa?"

"Linapanda na kushuka sawasawa mno. Wanalizoea. Baada ya saa moja kwao ni kama ukuta." Akanitazama. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi si wa kukulazimisha, mwanangu. Nakuuliza tu kama kuna uzi mwingine popote."

"Hakuna," nilisema. Nilisema haraka, na nikajisikia nimesema haraka.

*

Lwitiko alichukua daftari akapita bweni kwa bweni, akimuuliza kila mtu swali moja: "Sweta lako lina watu wangapi?"

Alirudi Jumanne jioni, akajitupa kwenye benchi la maktaba. "Watatu. Wawili. Watatu. Wawili na nusu, sijui nusu ni nani. Yule wa Ukwama kasema wanne, na mmoja ni mbwa, babu alikuwa akimtandikia. Hata kaka mkuu ana shangazi ndani."

"Mzaliwa wa kwanza hata mmoja?"

"Wazaliwa wa kwanza wote wamevaa ya baba zao. Unadhani shule hii ina matajiri?"

Nilifuma kipande kutoka sweta moja lenye watu wawili, tukakijaribu. Mtoto aliufuata uzi kwa dakika chache, vizuri kabisa, mpaka Sista akaanza kutabasamu. Kisha uzi ukabadili mtu, naye akapotea njiani.

Tulitoka nje. Ukungu ulikuwa umekaribia kiasi kwamba nilimsikia Lwitiko bila kumwona vizuri.

"Tuse. Unalo moja."

"Si langu."

"Najua si lako. Nasema unalo."

"Ukinisikia Ijumaa nasimama na kifuko kilichofumwa kwa sweta la kaka yangu, napewa maksi, naenda chuo, utaniitaje?"

"Sijui," alisema. "Ila mtoto mwenyewe hajui Ijumaa ni nini."

Sikulala vizuri. Sweta langu lilikoroma, nikalivua, nikalala na baridi. Niliwaza: kama ningekuwa sina kazi ya kuonyesha, ningelifikiria sweta la Anyitike? Niligeuza swali hilo kila upande na kila upande lilikuwa na mwiba. Na yeye mwenyewe, aliyeacha sweta msumarini akidhani atarudi kulivaa, alikuwa hajaulizwa.

*

Jumatano niliomba ruhusa, nikashuka nyumbani. Mama alikuwa akichambua maharage kwenye ungo. Nilikaa chini mkekani, nikamweleza yote, tangu Mzee Luvanda mpaka mbwa. Hapo kwenye mbwa karibu acheke. Nilipofika mwisho mikono yake ilikuwa imesimama.

"Na huyo mtoto akishalizoea," aliuliza, "mwanangu atakuwa wapi?"

"Atakuwa ameisha, Mama."

"Siku ngapi?"

"Wiki tano. Labda sita. Anapumua haraka, na hatakivua usiku wala mchana."

Aliokota jiwe dogo kwenye maharage, akaliweka pembeni.

"Mimi nilikuwa nimepiga hesabu," alisema. "Kwa dakika kumi kila Jumapili. Ningefika naye mpaka nina miaka sabini na mbili."

Nilitaka kusema basi, tuache, samahani. Sikusema. Alinyanyuka, akavaa kitenge cha kutokea. "Nipeleke nimwone."

Sista Yusta alimpa kiti mbele ya kioo. Mama alikaa pale saa nzima na ushee. Mara ya kwanza mtoto aliposahau, Sista alimgusa unyayo. Mara ya pili Mama alisema, "Ngoja," akanawa mikono mpaka viwiko kama alivyoonyeshwa, akapitisha mkono wake mwenyewe. Mara ya tatu pia, ya nne, ya tano. Ya sita mtoto alikawia kukumbuka, na Mama akawa anamwita kwa sauti ya chini, "Wewe, wewe, wewe," maana hakuwa na jina la kumwita.

Mtoto akakumbuka. Tulipanda njia ya nyumbani. Mlangoni alinishika mkono wa sweta.

"Nisikilize vizuri. Pumzi ya mtoto wangu haiendi kupewa maksi. Kama ni ya shule, sanduku halifunguki. Kama ni ya yule mtoto, leta mkasi."

"Ni ya yule mtoto."

"Ijumaa utawaonyesha nini?"

"Sitakuwa na cha kuonyesha."

Alinitazama muda mrefu, kwa namna ambayo watu humtazama mtu anayeondoka. "Basi leta mkasi," alisema. "Na mikono unibakishie."

*

Mikono ya sweta hufumwa peke yake na kushonewa mwishoni. Nilikata ule uzi wa kushonea, ikatoka mizima. Mama aliikunja, akaiweka mapajani. Pumzi hukaa kifuani na mgongoni. Mikononi hubaki kitu kingine, mapigo madogo ya mishipa, na ule mvutano wa viwiko vya mtu aliyeinua tarumbeta kila Jumapili kwa miaka sita.

Bibi ndiye aliyeshika bonge. Nilifumua, yeye alizungusha. Uzi ulitoka na mikunjo yake yote, wa mawimbi, na kila ulipopita vidoleni mwake Bibi alipunguza mwendo.

"Sitii maji," alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Wala jiwe."

Nilifuma Jumatano ile na Alhamisi kutwa, karibu na dirisha. Uzi wenye mikunjo ni mgumu kufuma. Vitanzi vinakaa vibaya, kazi inaonekana ya mtoto anayejifunza. Ningeona haya kuiweka mezani mbele ya wakaguzi. Lakini nilipokuwa nikiegemeza kazi kifuani kuhesabu safu, ilinijibu. Ilivuta. Ikasimama kidogo, mlangoni, ikasikiliza. Ikatoa. Niliacha kuhesabu mara nyingi. Nadhani yule mtoto alipoteza saa moja kwa sababu yangu, na saa hiyo bado ninayo, sijamwomba mtu radhi.

Alhamisi kabla ya giza tulimvalisha. Sista Yusta alifunga vifungo viwili vya begani. Tulisubiri. Kifuko kilibana, kikalegea. Mtoto alifanya vurugu kidogo, kisha akatulia, kisha mbavu zake zikakitafuta, zikakikosa, zikakipata.

Mama alisimama nyuma yangu na mikono ya sweta kwenye mfuko wake. Niliisikia pumzi yake nayo ikiifuata ile, bila yeye kujua. Vuta. Simama. Toa.

*

Ijumaa asubuhi nilimkuta Mwalimu Kilasi akipanga meza kwenye ukumbi.

"Mwalimu, naomba kujitoa."

"Nimeongea na Sista. Kazi ipo, tena inafanya kazi. Wakaguzi wanaweza kupelekwa hospitali."

"Haipo, Mwalimu."

Alivua miwani. "Bila hii nusu, chuo hutaingia. Si mwaka huu wala mwaka mwingine. Unalijua hilo?"

"Ninalijua."

"Niandike sababu gani?"

Nilifikiri. "Acha wazi."

Aliandika jina langu, Tusekile Chaula, na mbele yake akaacha wazi, kama ilivyo kwenye cheti changu mpaka leo. Meza yangu hakuiondoa. Nadhani angeweza, lakini aliiacha mahali pake, kati ya beseni la vyura na saa ya jua ya msichana mmoja wa Bulongwa, na kadi yenye jina langu juu yake. Tukatoka wote. Mlango ukafungwa.

Tulikaa nje kwenye nyasi zenye umande tukisubiri. Ndani ya ukumbi chura mmoja alilia, na Lwitiko akashika kichwa. Mimi nilikuwa naangalia upande wa hospitali, pasipoonekana kitu kwa ukungu. Baadaye niliambiwa kwamba saa hiyohiyo Sista Yusta alikuwa ameketi kando ya sanduku la kioo, mikono mapajani, na tangu alfajiri hajagusa unyayo wa mtu.

*

Mama wa mtoto alirudi kutoka Mbeya ukungu ulipofunguka. Katikati ya Agosti mtoto alifika kilo mbili na nusu, akaruhusiwa. Yule mama alikuja mwenyewe nyumbani kwetu, akitembea polepole kwa ajili ya mshono, mtoto mgongoni, na kifuko kimefungwa kwenye kanga safi.

"Sikukifua," alisema. "Niliambiwa nisikifue."

Bibi alimkaribisha uji. Mama yangu alikichukua kifuko kwa mikono miwili, akakaa kitandani. Hatukutoka nje safari hii. Aliingiza mkono, ulioingia mpaka kwenye vifundo tu, kwa sababu kilikuwa kidogo, akapumua.

Nilimwona akisubiri, uso ukalegea.

"Si yeye," alisema. "Ni ya haraka. Ni ya huyu."

Yule mama wa mtoto aliinamisha macho kwenye bakuli la uji. Mtoto alikuwa amelala mgongoni kwake, shavu limebonyea, na chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba nilimsikia. Mama yangu naye alimsikia. Aligeuza kichwa. Mkono wake ulikuwa bado ndani ya uzi.

Mtoto alivuta hewa.

Alisimama kidogo.

Kisha akaitoa, na akavuta tena, na mlangoni akasimama tena, kama mtu asiye na haraka, anayesikiliza walio ndani.

Mama alikaa hivyo, na safari hii hakutazama saa ya ukutani. Baadaye aliutoa mkono, akakikunja kifuko juu ya ile kanga, kingo kwa kingo, akampa yule mama.

"Mfunike nacho usiku," alimwambia. "Huku juu kuna baridi."

"Asante, mama nani?"

"Mama Anyitike," alisema mama yangu.